Nilivyoacha kesi ya kubatilisha ndoa nikachukua talaka ya maridhiano

Nilizaliwa Mombasa, nikaolewa Gujarat kwa ndoa ya Kihindu, hatua saba mbele ya moto. Baada ya harusi ndipo nikajua mume wangu aliwahi kuoa na kuacha, na ukoo wao wote ulilijua hilo isipokuwa sisi tuliotoka pwani. Nikafungua kesi kulekule India kuomba ndoa ibatilishwe. Talaka sikuitaka hata kuisikia. Nilitaka jaji aandike kwamba nilidanganywa.

Sheria ya Ndoa za Kihindu ya mwaka 1955, kifungu cha 12, inakuruhusu kudai hivyo ikiwa ulikubali kuolewa kwa kulaghaiwa juu ya jambo kubwa linalomhusu mwenzako. Sharti ufungue kesi ndani ya mwaka mmoja tangu uugundue ulaghai, na baada ya kugundua usiwe umeendelea kuishi naye kwa hiari kama mke na mume. Muda haukunisumbua. Hilo la pili ndilo lililonikaba, maana baada ya kujua nilibaki kwao kipindi wazee wakipatanisha, na wakili wao akashikilia kwamba nilikaa kwa ridhaa yangu. Mambo ya chumbani utayaletea shahidi gani? Kesi ikawa ya kupigwa kalenda tu.

Wakili wangu, mama mmoja mtu mzima, akaniambia: "Binti, mmeshatengana zaidi ya mwaka. Twende na 13B."

Kifungu hicho, cha talaka ya maridhiano, kiliongezwa kwenye sheria hiyohiyo mwaka 1976. Mkiwa mmetengana mwaka au zaidi, hamwezi kuishi pamoja na mmekubaliana kuachana, hakuna wa kuthibitisha kosa la mwenzake. Ila ombi letu la pamoja halikupaswa kuwa na neno "ulaghai". Nilimwangalia wakili akikata kwa kalamu aya nilizozililia usiku kucha, moja baada ya nyingine. Iliuma, sitaficha. Lakini ukimya huo ndio waliokuwa wakiutaka wao, nami nikaudai bei yake: dhahabu yangu yote, na kila tuhuma waliyonitupia ifutwe. Dhahabu tuliihesabu ofisini kwa wakili huku albamu ya harusi iko wazi mezani, bangili kwenye picha na bangili kwenye mizani. Mkufu mmoja mama mkwe alisema haujui. Picha ikamjibu.

Kesi ya zamani hatukuifuta mapema, na hili nalisisitiza kwa yeyote aliye njia hii. Mahakama ya Juu ya India ilisema mwaka 1991, kwenye shauri la Sureshta Devi, kwamba mmoja anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote kabla ya hukumu. Ningeifuta kisha yeye ageuke, ningebaki mikono mitupu, na ule mwaka mmoja wa kufungua nyingine umeshapita. Talaka hii huombwa mara mbili, basi tukaandika kwamba kesi ya zamani itaondolewa siku ya ombi la pili.

Kati ya ombi la kwanza na la pili sheria inataka miezi sita. Tangu shauri la Amardeep Singh, 2017, mahakama inaweza kuisamehe ikiwa mmeshatengana muda wa kutosha, usuluhishi umeshindikana na mambo ya mali yamekwisha. Hukumu hiyohiyo inaruhusu kusikilizwa kwa video. Kwa hiyo ombi la pili nililijibu nikiwa Mombasa, mama kakaa pembeni asionekane kwenye kamera. Jaji aliuliza kama nimelazimishwa, kama nimepokea vitu vyangu, kama kuna njia ya kurudiana. Mama akatikisa kichwa kabla yangu.

Marafiki zangu wa Kibokoni wakaniuliza nakaa eda lini. Kwetu haipo, nikawaambia, ila biriani yenu leteni. Hukumu nikaomba nakala kadhaa zenye muhuri wa mahakama, kwa sababu kila ofisi niliyopita baadaye ilitaka ya kwake.