Kwa Hiace ya kulala: Moshi, Arusha, hadi Makuyuni

Gari ni Hiace ya dizeli iliyong'olewa viti vya nyuma. Ndani kuna kitanda cha mbao chenye makasha chini yake, mtungi wa gesi wa kilo 6, madumu matatu ya maji ya lita 20, betri ya pili ya Ah 100 (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) na jokofu dogo la volti 12. Mwenzangu ni fundi wa gereji pale Moshi, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kushusha mizigo yote na kuipanga upya. Maji peke yake yana kilo 60, kwa hiyo madumu yalilazwa sakafuni, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, yakafungwa kwa mikanda. Juu kwenye keria vilibaki viti vya plastiki na turubai. Wengi hufanya kinyume: spea juu, madumu juu, halafu wanalaumu shokapu gari likiyumba kila linapopishana na basi.

Moshi tuliizunguka kwa miguu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, huonekana vizuri alfajiri; saa nne ikigonga mara nyingi wingu limeshaufunika mlima. Stesheni ya reli inafaa kuonwa, kisha jengo la KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa ulioanza 1933. Mahitaji ya jikoni tulinunua soko la Mbuyuni, zikiwemo ndizi mshare kwa ajili ya mtori. Ndizi mbichi zinavumilia joto la gari kuliko nyanya, tena hazihitaji nafasi kwenye jokofu.

Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80, na sehemu ya kuiheshimu ni bonde la Kikafu, kabla ya Boma Ng'ombe. Barabara inashuka hadi darajani kisha inapanda tena. "Kaka, weka gia ya tatu kabla hujaanza kushuka, usisubiri katikati," mwenzangu alisema, na alisema kweli. Gari lenye mzigo likishushwa kwa kukanyaga breki mfululizo, joto linahamia kwenye oili ya breki. Oili hiyo hunyonya unyevu kidogo kidogo kwa muda, na ikipata moto mkali ule unyevu unachemka na kuwa mapovu. Oili haibonyei, mapovu yanabonyea. Ndiyo maana pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Dawa ni injini ikushikie gari, ugonge breki kwa vipindi vifupi, na oili ibadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama rangi yake inapendeza.

Boma Ng'ombe tulisimama kukagua magurudumu. Unasogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa, unalinganisha kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, pistoni ya breki imenasa au breki ya mkono inakaba. Usimwagie maji, diski ya moto ikipata maji ya baridi inaweza kupinda, na baada ya hapo usukani utatetemeka kila ukifunga breki.

Kuanzia njia panda ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, hadi Kikatiti, Usa River na Tengeru, kazi ni matuta, rasta (vituta vidogo vya mfululizo) na vibao vya 50. Barabara inapanda taratibu pia: Moshi iko chini ya mita 1,000 na Arusha iko karibu 1,400. Hapo dizeli inaliwa zaidi, na mshale wa joto la injini ndio wa kuangaliwa kuliko wa spidi.

Arusha mjini usiingie na gari refu asubuhi. Tuliliacha kwenye uwanja wenye mlinzi, baada ya kupima urefu wake wa kwenda juu pamoja na keria, kwa sababu matawi ya mijakaranda na nyaya za majumbani zimeng'oa keria nyingi. Kutoka Mnara wa Saa unapanda Boma Road hadi Boma la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe na mazingira, na AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, iko jirani. Kisha Kaloleni, kwenye makumbusho ya Azimio la Arusha la 1967 karibu na Mnara wa Mwenge. Yote ni mwendo wa miguu. Bodaboda iache kwa ajili ya kurudi na mizigo ya Soko Kuu.

Usiku tulilala kambini Meserani, barabara ya Dodoma. Jokofu lilianza kujizima wakati betri imejaa. Vipimo: betrini volti 12.5, kwenye plagi ya jokofu 11.1 likiwa linafanya kazi. Volti zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya mwembamba. Tuliweka waya wa milimita mraba 6, na fyuzi karibu kabisa na betri ili waya ukichunika usiwashe moto. Jokofu la namna hii likila wastani wa ampea 2.5, saa 12 za usiku zinamaliza Ah 30. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo bado uko salama, ila simu nne na feni zisiongezwe.

Mtungi unakaa kwenye kasha lenye tundu chini, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja inatuama sakafuni. Viungo vya mpira unavipima kwa povu la sabuni. Maharage Arusha yanachelewa: kwa mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, basi yaloweke toka jana au beba presha kuka. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata baridi ya Julai ikizidi. Moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Fungua vioo viwili kidogo, pande tofauti, na matone ya unyevu kwenye kioo cha mbele nayo yatapungua.

Kesho yake tulijaza tangi Arusha, tukafika Makuyuni jua likiwa kali. Kulia ni Mto wa Mbu na Ngorongoro, mbele ni Minjingu na Babati. Geji ya upepo wa tairi ilisoma juu kuliko asubuhi, kwa kuwa tairi zilishapata moto. Hapo watu wengi hutoa upepo, na jioni tairi likipoa wanakuta limelegea chini ya mzigo. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kwa namba iliyo kwenye kibandiko cha mlango, ukifuata ile ya gari lililojaa. Yetu tuliyaacha yalivyo, tukashika ya Babati.