Ile yangu

Leo siku ya sita na bado nayasikia. Mdogo wangu kaolewa Alhamisi, alhamdulillahi, mambo yamepita kwa heri, wageni wa Pemba wamesharudi na boti, na kilichobaki kichwani mwangu si ngoma wala bibi harusi. Ni maneno matatu ya kijana wa dukani.

Duka lenyewe mnalijua, lile la penye mwembe. Ilikuwa Jumatatu, natoka skuli, baibui limejaa vumbi la chaki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mapembe?"

"Mapembe."

"Kilo... au ile yako?"

"Ile yangu."

Akatia jiwe la nusu upande mmoja wa mizani, mchele wa mapembe upande wa pili, akaumimina kwenye mfuko wa khaki, akaukunja mdomo. Nikalipa, nikashukuru, nikatoka. Nilikuwa nimeshafika chini ya mwembe ndipo liliponichoma.

Ile yako. Yaani imeshakuwa na mwenyewe. Nusu kilo imekuwa yangu kama mzee anavyokuwa na pahala pake barazani, hata akichelewa hapakaliwi na mtu. Tangu lini? Mwaka juzi nilikuwa nachukua kilo na nusu kwa siku, na hakuna aliyeniuliza. Nikitokeza tu mkono wake unakwenda kwenye polo. Na lililonikera zaidi si yeye kuuliza, ni mimi kuitika. Ningesema "nusu". Ningesema "nusu leo, tuna muhogo", na muhogo kweli tulikuwa nao. Nimejibu ile yangu, upesi, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Nyuma yangu alikuwa amesimama mzazi wa mwanafunzi wangu. Hilo sikutaka kuliandika, lakini ndilo lililoninyima usingizi.

Usiku ule nilijisomesha mwenyewe kama ninavyowasomesha watoto wa Kidato cha Pili. Mapembe hayaoti hapa Unguja. Mpunga wa mabonde yetu ya Cheju na Kibokwa hautushibishi, kwa hiyo wali tunaopakua unavuka bahari, kutoka Pakistan, kutoka Thailand, kutoka India. India ilipozuia mchele wake mweupe usio basmati usiuzwe nje, Julai 2023, bei ilipanda dunia nzima, na mtu wa kisiwani hana mpaka wa kuvuka kwa miguu akatafute kwingine. Meli ikikosa nafasi bandarini Malindi inangoja, na kila siku inayongoja ina mtu wa kuilipia, na mtu huyo hatimaye ni mimi na mfuko wangu wa khaki. Mwanzo wa 2024 mvua za El Niño zilikwamisha miwa huko bara, na huku chai zetu zikapungua utamu. Hata umeme ninaoununua kwa tukuza, yaani kwa kulipa kabla ya kutumia, unapita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni huko bara hadi Fumba huku kwetu. Walioishi hapa Desemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kuelezwa; miezi mitatu kisiwa kizima kimekaa gizani, na kifungua mimba wangu nilimzaa katikati yake, kwa taa ya chemni. Wasomaji wa zamani mnajua kwa nini namwita Wa Gizani.

Nyote mnayajua haya. Nayarudia kwa sababu usiku ule niliyahitaji, nijiambie si mimi, ni meli. Kila nikimaliza kujiambia, sauti inarudi pale pale: "Kilo..." halafu kimya kidogo, halafu "au ile yako?" Kwa nini alinyamaza pale kati? Nimekihesabu kile kimya mpaka alfajiri.

Jumatano nilikwenda mnadani kutafuta samaki wa harusi. Huu ni wakati wa kusi, ngalawa haziendi mbali, na samaki mkubwa anayepatikana anagombewa na wanunuzi wa mahoteli. Nilipandisha bei ya samaki aina ya changu mara mbili, mara ya tatu nikaufyata mkono. Simlaumu mtu anayelipwa kununua, ila nilitamani angalau apepese macho. Tukaongeza mbatata kwenye mchuzi. Mama alitoa pensheni jamii yake yote, ile ya wazee, shilingi 50,000, akasema ni ya asumini na mrehani za vikuba, na ole wake atakayeigusa kwa jambo jingine. Bibi harusi alinukia mpaka barabarani.

Sasa nilichokusudia kukiandika.

Jana nilikuwa na keki ya watu, oda ile ya akika. Nimeshapima unga na sukari, mizani yangu ndogo bado iko mezani, na pembeni yake mfuko wa mchele ambao kitindamimba amerudi nao dukani muda huo huo. Sijui kilichonituma. Nikauweka juu ya mizani.

Gramu 630.

Nikafikiri mizani imekwama. Nikautoa, nikasubiri isome sifuri, nikaurudisha. 630. Nikaumimina mchele kwenye bakuli, nikaupima mfuko wa khaki peke yake, hauna hata gramu 10.

Nikakaa juu ya mbuzi ya nazi, maana ndicho kiti kilichokuwa karibu. Jumatatu yote ikanirudia, lakini safari hii nikaiona sahani ya mizani. Kijana yule ni mtu wa haki sana kwenye kupima. Anachota, anapunguza kwa vidole, punje kwa punje, mpaka sahani mbili zikae sawa, ndipo anamimina. Anapunguza hivyo kwa kila mtu; nimeshamwona akimpunguzia hata imamu. Jumatatu sahani ya mchele ilishuka ikagonga meza, ko, na yeye hakupeleka kidole. Mlio niliusikia. Nilidhani ana haraka.

Kwa hiyo ile yangu si nusu kilo. Nusu kilo ni ya kila mtu, ina jina lake na jiwe lake. Ile yangu ni kipimo kingine, hakina jiwe, anakijua yeye peke yake, na kile kimya cha kati kilikuwa ni kutafuta namna ya kukitaja bila mzazi yule kuelewa. Kanisitiri. Siku sita namchukia kwa kunifedhehesha, kumbe pale pale alikuwa ananifunika.

Nimelia kidogo, nisiseme uongo. Halafu nikaingiwa na fikra nyingine: zile gramu 120 na kitu zinatoka wapi? Duka si lake. Tajiri yuko Chake Chake na hesabu anaitaka kila Ijumaa. Kama anazikata kwenye mshahara wake, basi mimi mwenye ajira ya serikali nakula riziki ya kijana ambaye naye ana mama anayengoja pesa kwa simu. Bwana wangu anasema niache, kila mtu na thawabu zake. Mimi siwezi kuacha. Na kushukuru pia siwezi, maana nikishukuru nimemwambia kwamba najua, na siku hiyo ile yangu imekwisha, kwake na kwangu.

Magharibi nimempelekea vipande vinne vya keki ndani ya kibakuli chenye mfuniko.

"Mwalimu, ya nini tena hii?"

"Ya harusi."

Na harusi kweli ilikuwepo. Akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini ya meza, mbali na macho ya wateja, akaendelea kupima.

Usiku umeingia na nyumba imetulia mno. Wa Gizani tangu Ijumaa hasomi Kurani kwa sauti. Sauti yake imeanza kukwaruza, inapanda na kushuka bila kumwomba ruhusa, nadhani anaona haya. Mama alizoea kusinzia kwa kisomo chake, sasa yuko macho anageukageuka, na hataki kuuliza. Nimepita mlangoni kwake mara mbili. Msahafu uko wazi, midomo inakwenda, na hakuna kinachotoka.