Misimbo ya uvimbe wa kizazi na ovari: herufi kwanza, nukta baadaye

Wagonjwa wawili, kila mmoja ana uvimbe wa sentimita 6 kwenye ovari ya kulia, wote wamefanyiwa upasuaji, na hakuna mwenye saratani. Katika ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, mmoja anastahili D27, mwingine N80.1. Ukubwa haukuwatofautisha, upande haukuwatofautisha. Kilichowatofautisha ni tishu: wa kwanza ana dermoidi, yaani uoto halisi usio saratani, na wa pili ana endometriosisi, yaani tishu za utando wa kizazi zilizoota mahali pasipo pake, iliyojaza damu ya zamani ndani ya ovari. Anayeweka misimbo kwa kusoma "uvimbe ovari" na kuishia hapo atawatia wote kapu moja, na takwimu za wodi nzima zitapinda.

Ndiyo maana kwa viungo hivi ni afadhali kuamua herufi kabla ya kuhangaika na tarakimu. D, kabla ya D50, ni ya uoto mpya wa tishu. N ni ya magonjwa ya mfumo wa uzazi na mkojo, na humo ndimo ziliko polipu (vinyama vinavyoota kwenye utando) nyingi na vifuko vya maji vinavyotokana na kazi ya kawaida ya ovari. Q ni ya alivyozaliwa navyo. O inatangulia zote mgonjwa akiwa mjamzito. Misimbo ninayotaja hapa ni ya ICD-10 ya WHO, Shirika la Afya Duniani. ICD-10-CM ya Marekani, nitakayoiita CM, imeongeza tarakimu mahali pengi, na panapobadilika nitasema. Msiichanganye. D27 bila nukta ni msimbo kamili kwa WHO, lakini kwa CM haujakamilika na dai la bima litarudishwa.

Fibroidi, vivimbe vya misuli ya kizazi visivyo saratani, ndizo zinazojaza rejista. D25 ina matawi manne: D25.0 ni iliyo chini ya utando wa ndani, inayochungulia kwenye tundu la kizazi, D25.1 ni iliyomo ndani ya ukuta wa misuli, D25.2 ni iliyo chini ya gamba la nje, D25.9 ni pale mahali pasipotajwa. Huo wa mwisho ni halali, lakini ukitawala ripoti ya mwezi ujue kuna mtu hasomi maelezo ya upasuaji. Daktari aliyefungua tumbo aliiona fibroidi ilipo, na mara nyingi ameandika. Tatizo ameandika kwenye aya ya tatu, na karani amesoma kichwa tu kinachosema "fibroidi kizazi".

Siku hizi madaktari wengi huandika namba ya FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi) badala ya maneno. Mfumo huo, uliochapishwa 2011, unazipanga fibroidi kuanzia 0 hadi 8. ICD-10 haizitambui namba hizo, ila ukijua maana zake unapata njia. Namba 0 imening'inia kwa kikonyo ndani ya tundu la kizazi. 1 ina chini ya nusu yake ukutani. 2 ina nusu au zaidi ukutani. Zote tatu ni D25.0. Namba 3 na 4 ni D25.1. Hapo kwenye 3 wengi huteleza: inagusa utando wa ndani, lakini yote imo ukutani, na neno "inagusa" linawavuta kwenye D25.0. Namba 5, 6 na 7 ni D25.2. Namba 8 ni kapu la zilizosalia, kama zile za shingo ya kizazi au zilizojishikiza kwingine, kwa hiyo haikupi msimbo peke yake. Rudi kwenye maneno ya daktari.

Ukikuta namba mbili zimeungwa kwa kistari, mfano 2-5, hiyo ni fibroidi moja inayotokeza pande zote mbili. Namba ya kwanza inaeleza uhusiano wake na utando wa ndani, ya pili uhusiano wake na gamba la nje. Usichukue wastani ukaandika D25.1. Muulize daktari anaihesabu ya wapi, au kama mwongozo wa kituo unaruhusu, weka D25.0 na D25.2.

Idadi haiingii kwenye msimbo. Fibroidi 11 zilizo ukutani zote ni D25.1 mara moja tu. Zikiwa 10 ukutani na 1 chini ya gamba la nje, ni D25.1 pamoja na D25.2.

Tuchukue faili la mfano. Maelezo ya upasuaji: "Kizazi kimefikia ukubwa wa mimba ya wiki 16. Fibroidi 5 zimetolewa, 4 ukutani na 1 yenye kikonyo nyuma ya kizazi, nje. Ovari ya kushoto ina kifuko cha sm 4 chenye maji meupe, kimetolewa." Kwa karatasi hiyo misimbo ni D25.1, D25.2 na N83.2, kwa kuwa kifuko hakijaelezwa ni cha aina gani. Ripoti ya patholojia, yaani ya uchunguzi wa tishu, inakuja baada ya siku kadhaa: leiomayoma (jina la kitaalamu la fibroidi), na kifuko ni sistadenoma ya serosi, uoto wenye maji usio saratani. Fibroidi hazibadiliki. Kifuko kinahama sura nzima, kutoka N83.2 kwenda D27, na kwa CM ni D27.1 kwa sababu ni kushoto. Faili likifungwa siku ya mgonjwa kuruhusiwa na lisifunguliwe tena, sistadenoma hiyo haitaonekana popote kwenye takwimu.

Hapo kuna kanuni ya CM ambayo hupuuzwa. Kwa mgonjwa wa nje, ripoti ya patholojia iliyotiwa saini na daktari wa patholojia inaweza kutumika moja kwa moja kupata msimbo. Kwa mgonjwa aliyelazwa haitoshi: daktari anayemtibu lazima auandike au authibitishe utambuzi huo, na kama hajafanya hivyo, kazi yako ni kumtumia swali, si kumwandikia jibu.

Ripoti hiyohiyo ina namba za mofolojia, yaani za aina ya tishu, ambazo wengi huziruka. Leiomayoma ni 8890/0, sistadenoma ya serosi 8441/0, dermoidi 9084/0. Tarakimu baada ya mkwaju ndiyo ya kuangalia: /0 si saratani, /1 tabia yake haijulikani itakwenda wapi, /2 saratani isiyopenya, /3 saratani. Ukiona /1, ondoka D25 na D27. Uvimbe wa misuli ya kizazi ambao daktari wa patholojia ameshindwa kuuweka upande wowote ni D39.0, uvimbe wa ovari wa mpakani, ulio kati ya saratani na usio saratani, ni D39.1. Kwa walio na kumbukumbu za miaka mingi: vivimbe vya mpakani vya ovari vilikuwa /3 kwenye toleo la pili la ICD-O, orodha ya namba hizo za mofolojia, na vikawa /1 kwenye la tatu, hivyo ukilinganisha miaka bila kulijua hilo utadhani saratani ya ovari imepungua ghafla.

D39 si mahali pa kutupia kila ambacho majibu yake hayajarudi. Kwa CM tofauti ni kali: D39 ni pale patholojia imetazama na ikasema haiwezi kuamua, na D49.59 ni pale daktari ameandika ni uoto lakini hakuna aliyetaja tabia yake. WHO haina D49, na sehemu yake ya D37 hadi D48 inabeba "isiyoamulika" na "isiyojulikana" pamoja. Kama hata uoto haujatajwa, kuna "uvimbe wa nyonga" tu ulioguswa kwa mkono au kuonekana kwenye ultrasaundi, basi ni R19.0, msimbo wa dalili. Unaonekana mnyonge, lakini ni wa kweli.

Ovari zinahitaji uvumilivu. Kifuko cha folikuli ni N83.0. Cha koropasi luteamu (tezi inayobaki baada ya yai kutoka), hata kikivujia damu ndani, ni N83.1. Vingine na visivyoelezwa ni N83.2, na chini ya N83.2 kitabu chenyewe kimeorodhesha visivyoruhusiwa kuingia: cha kuzaliwa nacho (Q50.1), cha uoto (D27) na ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi (E28.2). Huo wa mwisho ni tatizo la homoni, haumo kabisa kwenye magonjwa ya uzazi. Kifuko kilicho kando ya ovari, ndani ya kano pana, ni Q50.5, ultrasaundi hukiita cha ovari, na anayekuja kugundua ni daktari wa upasuaji. Ovari ikijisokota, N83.5 inaongezwa na sababu ya kusokota haifutwi: dermoidi iliyojisokota ni D27 na N83.5. Kwa CM hakuna D27 ya pande zote mbili, kwa hiyo andika D27.0 na D27.1.

Polipu. Ya utando wa kizazi ni N84.0, ya shingo ya kizazi N84.1, ya uke N84.2, ya sehemu za nje N84.3. Mitego ni mitatu. Ikiitwa ya adenoma (uoto wa tishu za tezi), N84 inaikataa na kuielekeza D28. Ikiwa ni utando ulionenepa kwa umbo la polipu, ni N85.0. Na fibroidi yenye kikonyo iliyoshuka hadi kwenye mlango wa kizazi, ambayo mpimaji huiandika "polipu ya fibroidi", ni fibroidi: D25.0. Subiri kipande kipimwe.

Adenomayosisi, yaani utando wa kizazi kuota ndani ya misuli yake, huandikwa fibroidi mara nyingi kuliko inavyostahili kwa kuwa kizazi huvimba na kutoa damu vilevile. Ni N80.0, na kwa CM tangu Oktoba 2022 ni N80.03. Ikiwepo pamoja na fibroidi, zote mbili zinaandikwa.

Vidogo vidogo: kifuko cha tezi ya Bartholin N75.0 (kikiwa jipu N75.1), kifuko cha Naboth kwenye shingo ya kizazi N88.8, kifuko cha sehemu za nje N90.7. Vinyama vya sehemu za siri vinavyoletwa na virusi ni A63.0, hata kama aliyeviondoa ameandika "uvimbe mdogo ukeni".

Ujauzito unageuza mpangilio. Fibroidi ya mjamzito anayehudumiwa kwa sababu yake huanza na O34.1, kisha D25 inafuata kueleza ni ipi. CM inadai kipindi cha mimba: O34.11 miezi mitatu ya kwanza, O34.12 ya kati, O34.13 ya mwisho. Uvimbe wa ovari kwa mjamzito unaangukia O34.8. Usiamue mwenyewe kwamba mimba haihusiki. Kwa CM hilo ni la daktari kuandika.

Halafu damu. Mgonjwa wa fibroidi anayetokwa hedhi nyingi kwa mzunguko wa kawaida ana N92.0, na kwa kuwa si kila fibroidi inatoa damu, msimbo huo unaongeza habari badala ya kurudia. Upungufu wa damu uliojengeka taratibu kwa kupoteza damu ni D50.0, ule wa ghafla baada ya kuvuja damu nyingi ni D62. Hitilafu ya kawaida ni kuandika D64.9, upungufu wa damu usioelezwa, wakati daktari ametaja sababu waziwazi. Nani atangulie? Aliyelazwa kutolewa fibroidi anaanza na D25. Aliyelazwa kuongezewa damu tu na kuruhusiwa, upasuaji ukapangwa baadaye, hali iliyobeba mzigo wa huduma ni upungufu wa damu, na D50.0 ndiyo ya kwanza. Bima hupenda kubishana hapa, kwa hiyo maelezo ya daktari yaseme wazi alilazwa kwa ajili ya nini.

Baada ya upasuaji, nakala za zamani ndizo zinazoharibu kazi. Mgonjwa aliyetolewa kizazi anarudi mwaka unaofuata kwa shinikizo la damu, na mfumo unavuta D25 kutoka ziara iliyopita. Asiye na kizazi hawezi kuwa na D25. Anayo Z90.7, ya kutokuwa na kiungo cha uzazi, na CM inatofautisha Z90.710 kwa aliyeondolewa kizazi pamoja na shingo yake na Z90.711 kwa aliyebakiwa na shingo. Aliyetolewa fibroidi tu na kubaki na kizazi ana Z86.0, ya historia ya uoto, kwa CM Z86.018, mpaka fibroidi mpya zionekane. Zikionekana, anarudi D25 na tawi lake, na mahali pake panasomwa upya kwenye vipimo vya sasa. Zilizotolewa zilikuwa ukutani. Hizi zinaweza kuwa kwingine.