Gundi ya Mzee, Leipzig 1990

Mzee alikuwa anachemsha gundi ya unga jikoni, na mimi nimeshika brashi nikisubiri ipoe. Ilikuwa Jumatano, Machi 14, 1990. Jumapili iliyokuwa inakuja, Ujerumani Mashariki ingepiga kura huru kwa mara ya kwanza, na chama cha Mzee, Demokratischer Aufbruch (yaani Mwamko wa Kidemokrasia), kilikuwa hakijatimiza hata nusu mwaka.

Nilimfahamu kupitia watu wa Misheni ya Leipzig. Kwetu Machame hakuna mtoto wa Kilutheri asiyejua kwamba wamisionari wa 1893 walitoka mji ule, kwa hiyo nilipokwenda kusoma nilipokewa kama mjukuu. Mzee alikuwa mchapaji mstaafu na mzee wa usharika. Ujana wake wote alikataa kadi ya chama chochote, na watoto wake wakanyimwa nafasi ya chuo kikuu. Wachungaji akina Rainer Eppelmann na Friedrich Schorlemmer walipoanzisha chama chao Oktoba 1989, akajiunga siku za mwanzo kabisa.

Alichokipenda kilikuwa kwenye programu ya mwanzo: kuukosoa ujamaa ule waliokuwa nao bila kuitupa ndoto yenyewe. Mimi nimekulia ndani ya Azimio la Arusha, sikuhitaji kufafanuliwa. Lakini mkutano mkuu wa Desemba, uliofanyika palepale Leipzig, ukageukia soko huria na muungano wa Ujerumani mbili. Januari Schorlemmer akahamia SPD, chama cha kisoshalisti cha kidemokrasia. Februari chama kikaingia kwenye ushirika na CDU, chama cha kihafidhina cha Kikristo, Helmut Kohl, chansela wa Ujerumani Magharibi, akiwa nyuma yao, na kaulimbiu ikawa uhuru na ustawi, ujamaa kamwe tena.

Nilimuuliza Mzee kwa nini bado anabandika mabango yao.

"Kwani mtu huhama kanisa kwa sababu ya mahubiri mabaya?" akanijibu. Jibu halikuniridhisha, ila yeye ni mzee na mimi mgeni wake, nikanyamaza.

Ndipo redio ikatangaza kwamba mwenyekiti wa chama amejiuzulu. Alikuwa mtoa habari wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki. Magazeti yalikuwa yameshaanza kuandika, yeye akakana, na Mzee alimwamini yeye, si magazeti. Huyu alikuwa wakili aliyewatetea watu wa kanisa na vijana waliogoma kwenda jeshini! Watu walimfungulia mioyo yao. (Msemaji wa chama aliyebebeshwa mzigo wa kujibu waandishi wiki ile alikuwa mwanafizikia ambaye hakuna aliyemjua, Angela Merkel, chansela wa baadaye.)

Mzee akazima jiko. Hakutukana, hakulia. Alichukua bango la juu, akaligeuza upande mweupe, akalisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama alivyofanya kiwandani miaka yote.

"Karatasi nzuri sana hii," alisema. "Ya Magharibi."

Akatoa kisu na rula ya chuma, tukakaa mpaka usiku tukiyakata vipande vipande, ya watoto wa shule ya Jumapili kuchorea. Gundi ikaganda sufuriani na mkewe akatugombeza wote wawili, mimi zaidi, kwa kuwa ndiye kijana.

Ushirika wao ulishinda kwa kishindo, karibu nusu ya kura zote, nyingi zikiwa za CDU. Demokratischer Aufbruch kikaambulia asilimia 0.9, viti 4 kati ya 400. Mzee alipiga kura, ila alimpigia nani hakusema, hata mkewe hakumwambia.

Agosti chama kikamezwa na CDU, ile CDU ya Mashariki iliyokaa meza moja na watawala kwa miaka arobaini. Barua ya kumwalika ilikuja, akanionyesha.

"Walinitaka nikiwa na miaka ishirini na tano nikakataa," alisema. "Leo wananitaka na mvi hizi. Wana subira, lazima niwasifu."

Akaigeuza, akaangalia kama upande wa pili ni mweupe.