Mkono ukitetemeka mwezi wa mwisho wodini
Ninyi wanafunzi wa uuguzi mnaopanda kilima cha hospitali ya Bugando, Mwanza, alfajiri mkijiuliza kama mtaweza: hofu hupungua mkono ukiijua kazi yake. Chukua dripu. Mililita 1000 kwa saa 8, seti (mpira wa dripu) inayotoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata matone 42 hivi kwa dakika. Yahesabu dakika nzima.

Kwenye kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoingizwa mshipani kwa sindano, wengi hukosea hapa: damu ikionekana tu, wanasukuma plastiki. Ncha ya sindano imeingia, lakini plastiki bado iko nje ya mshipa. Laza sindano, isogeze milimita 2 hivi, ndipo uiteleze plastiki. Ukikosa mara mbili, mwite sista wa zamu. Si aibu hata kidogo.