Ngoma Niliyoisikia kwa Nyayo

Nilipokuwa na umri wa miaka tisa, homa ya uti wa mgongo iliniacha na sikio moja lisilosikia kabisa na jingine linalosikia kwa shida, na tangu hapo nyumbani walichukulia kwamba muziki si wangu tena. Niliamini hivyo hata mimi, mpaka usiku wa arusi ya binamu yangu huko Pangani, nilipokaa peku ukingoni mwa jukwaa la mbao ambalo juu yake walikuwa wamesimamisha msondo. Kila kiganja kilipotua juu ya ngozi ya ngoma, mtikisiko ulipita kwenye mbao, ukapanda nyayoni na mapajani, ukatulia kifuani. Chapuo nalo, ile ngoma ndogo, nililipata juu zaidi, karibu na mitulinga, jepesi na la haraka.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kunieleza jambo hili kabla sijalielewa, kwani tunasikia njaa, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya karafuu, na hakuna anayeuliza sikio limehusika vipi.

Baadaye nilisoma kuhusu Evelyn Glennie, mpigaji ngoma wa Uskoti aliyezaliwa mwaka 1965, ambaye usikivu wake ulianza kufifia akiwa na miaka 8, na kufikia miaka 12 alikuwa kiziwi. Mwalimu wake alimwambia aweke viganja ukutani wakati yeye akipiga ngoma kubwa za okestra, naye akajifunza polepole kutambua noti za chini miguuni na za juu usoni na shingoni. Hupanda jukwaani bila viatu, na mwaka 2012 alipiga katika ufunguzi wa Michezo ya Olimpiki ya London. Kilichonigusa zaidi ni yale mazoezi ya ukutani, kwa sababu yalinionyesha kwamba usikivu wa mwili hufundishika.

Hata hivyo, mwili haurudishi kila kitu. Vipokezi vilivyo ndani ya ngozi ya viganja na nyayo huwa vyepesi zaidi mitetemo inapofika kama 250 kwa sekunde, na ikipita takriban 1,000 huacha kuitikia, ilhali sikio zima la kijana hufika 20,000. Ndiyo maana katika taarabu besi na dumbaki hunifikia, lakini fidla hunipotea karibu yote, na maneno ya wimbo huyasoma midomoni mwa mwimbaji. Sakafu ya saruji, ambayo ndiyo iliyoenea katika kumbi zetu, hainipi karibu chochote. Hapo hutumia puto lililojazwa upepo, nikalikumbatia kwa viganja vyote viwili, maana utando wake mwembamba hutikiswa na hewa yenyewe.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ambaye masikio yake hayana kasoro, aliniomba puto hilo, akafumba macho, na hakulirudisha mpaka wimbo ulipokwisha.