Usifute pubspec.lock: nilivyotatua mgongano wa pakeji kwenye mradi wa Flutter

Ukiuliza kuhusu mgongano wa pakeji kwenye Flutter (zana ya kujenga programu za simu), yaani vifurushi vya msimbo wa wengine vinapodai matoleo yasiyopatana, jibu la kwanza huwa lilelile: futa pubspec.lock, endesha flutter clean, jaribu tena. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu niliufuata na ukazidisha tatizo. Faili hilo ndilo linaloshikilia matoleo yote yanayofanya kazi leo. Ukilifuta, kila pakeji inaruhusiwa kupanda hadi mwisho wa masharti ya matoleo uliyoandika kwenye pubspec.yaml. Zilizokuwa zinagombana ni mbili, sasa zimebadilika kumi na hujui ipi imeharibu nini. Nililirudisha kwa git checkout pubspec.lock nikaanza upya. Flutter clean nayo inaondoa mabaki ya ujenzi tu, masharti haiyagusi.

Mgongano wenyewe ulikuwa huu. Nilipandisha Flutter hadi 3.10, na pub get, amri inayopakua pakeji, ikagoma kwa "version solving failed", yaani imeshindwa kupata matoleo yanayopatana. Kwenye toleo hilo flutter_localizations, pakeji ya lugha inayokuja na Flutter, inataka intl (pakeji ya tafsiri na mpangilio wa tarehe) 0.18.0, hiyohiyo, si chini wala juu. Pakeji yangu ya fomu ilitaka ^0.17.0. Wengi hudhani alama ya ^ ingeruhusu 0.18. Hairuhusu: toleo likianza na 0, namba ya pili ndiyo mpaka, kwa hiyo ^0.17.0 inakoma kabla ya 0.18.0, wakati ^1.2.0 inakwenda hadi kabla ya 2.0.0.

Ule ujumbe mrefu wa kosa usomwe wote. Tafuta pakeji inayotajwa na pande zote mbili, kisha jiulize upande upi unaweza kusogea. Kilichomo ndani ya Flutter hakisogei mpaka ubadili Flutter yenyewe. Cha kusogeza kilikuwa pakeji ya fomu.

Kabla ya hapo nilijaribu njia ya mkato, dependency_overrides (sehemu ya pubspec.yaml inayolazimisha toleo) yenye intl: 0.18.0. Pub get ikapita papo hapo, na hapo ndipo hatari ilipo, maana sehemu hiyo inakinyamazisha kikokotoo, yaani kile kinachochagua matoleo, bila kubadili mstari hata mmoja wa msimbo. Nilipojenga programu, makosa yakatokea ndani ya mafaili ya .pub-cache, yaani msimbo wa watu wengine, ambao hupaswi kuurekebisha humo. Afadhali hata makosa hayo, yanaonekana. Pakeji ikibadili tabia bila kubadili majina ya vitendaji, programu inajengeka vizuri na kosa linakutwa na mtumiaji.

Kilichonisaidia ni flutter pub outdated, amri inayoonyesha jedwali la matoleo ya pakeji zako. Wengi huangalia safu ya Latest. Mimi naangalia Resolvable, kwa sababu ndiyo inayoonyesha toleo la juu linaloweza kukaa pamoja na mengine yote ukilegeza masharti ya pubspec.yaml. Resolvable ikiwa chini ya Latest, kwa kawaida kuna pakeji nyingine inayoizuia. Nikafungua tawi jipya la git, nikaandika any (toleo lolote) kwa pakeji mbili tu, intl na ile ya fomu, nikaendesha flutter pub get. Kikokotoo kikachagua chenyewe. Nikafungua pubspec.lock, nikanakili toleo lililochaguliwa kwa pakeji ya fomu, nikaliandika kwa ^ mahali pa any. Intl niliiacha na any makusudi, kwa kuwa SDK, yaani Flutter yenyewe, ndiyo inayoamua. Angalia sana hapa: any inaweza kukurudisha kwenye toleo la zamani mno ikiwa ndilo pekee linalopatana na mengine. Soma namba kabla ya kushangilia. Baada ya hapo nilisoma CHANGELOG (orodha ya mabadiliko) ya pakeji ya fomu na kurekebisha vitendaji vilivyobadilishwa majina.

Upande wa Android ukaleta "Duplicate class kotlin.collections.jdk8". Kotlin ni lugha ya msimbo wa Android, na tangu Kotlin 1.8, yaliyokuwa ndani ya kotlin-stdlib-jdk7 na jdk8 yamehamia kotlin-stdlib, maktaba yake ya msingi. Pakeji moja ikivuta stdlib 1.8 na nyingine ikabaki na jdk8 ya 1.7, darasa lilelile linapatikana mara mbili. Pakeji inayoivuta jdk8 unaipata hivi, ukiwa ndani ya folda ya android:

./gradlew app:dependencyInsight --configuration debugRuntimeClasspath --dependency kotlin-stdlib-jdk8

Sikuifungia jdk8 nje kwa exclude. Niliongeza mstari mmoja kwenye dependencies za app/build.gradle, na matoleo yote ya Kotlin yakalingana:

implementation(platform("org.jetbrains.kotlin:kotlin-bom:1.8.0"))

Kwenye iOS kanuni ni ileile: usifute Podfile.lock, faili linaloshikilia matoleo ya podi, yaani pakeji za iOS. Endesha pod update ukitaja jina la podi inayolalamikiwa, na hiyo peke yake ndiyo unayoikusudia. Ikidai kwamba toleo halipatikani kabisa, endesha pod install --repo-update. Ikitaja kiwango cha chini cha iOS, pandisha namba kwenye mstari wa platform :ios ndani ya Podfile.